Orodha ya Vichaka na Ng'ombe wa Mzee Saning'o

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisi. Nilikabidhi funguo mbili, mmojawapo haujawahi kufungua kitu chochote tangu nilipoupokea. Kabati la mimea iliyokaushwa, ambalo mchwa wamelipitia kwa makini kuliko mkaguzi yeyote. Na kiti kimoja kinachoyumba. Kijana aliyepokea alinipa karatasi niweke sahihi kwamba vyote ni vizima. Niliweka. Haukuwa uongo wangu wa kwanza kwenye karatasi ya ofisi, na ule mwingine nitaufikia, kwa sababu ndio hasa ulionifanya nikubali kuandika haya.

Wenzangu mnaobaki mliniomba niwaandikie siri ya mafanikio. Siri sina, na mafanikio mtayatafuta wenyewe. Vyeo na mshahara sitavigusa, kwani navyo havikunigusa sana. Nitaandika juu ya kazi yenyewe: kutembea porini Handeni na Korogwe, kutazama miti, vichaka na wanyama, na kusema hiki ni nini. Ukiitazama kwa nje inafanana sana na kutokuwa na kazi. Mama yangu mzazi alifariki akiamini kwamba nalipwa ili nipotee.

Siku ya kwanza nilifika Korogwe nikiwa binti mwembamba wa Kizigua kutoka Handeni, cheti cha misitu mkononi, viatu vipya miguuni, na chumba cha kupanga Masuguru ambacho nilikuwa bado sijakiona. Mkuu wa ofisi alisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena.

"Hapa wameandika Bwana Miti."

"Ndiyo, mkuu."

"Na wewe ni Zuhura."

"Ndiyo, mkuu."

Alifikiri muda mrefu, kama mtu ambaye hesabu inamkatalia. Mwisho akasema, "Basi tuwekee chai."

Niliweka chai. Asubuhi yangu yote ya kwanza ya utaalamu ilikwenda kwenye majani ya mmea mmoja, yaliyolimwa Dindira, na niliyatambua bila kosa. Jina la Bwana Miti lilibaki nami hadi mwisho. Vijijini wangesema, "Bwana Miti amefika, mleteeni mama kiti," na hakuna aliyeona tatizo lolote katika sentensi hiyo. Baada ya muda hata mimi sikuliona.

Mchana wa siku ile ile nilikabidhiwa kwa Mzee Mhina. Kwenye faili cheo chake kilikuwa mhudumu. Shule aliiacha darasa la nne kwa sababu, kwa maelezo yake, mwalimu alikuwa hajui kutofautisha mninga na mtalawanda, na yeye hakuona haja ya kuendelea kumfundisha. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe, na hakupenda maswali. Mimi nilikuwa na maswali tu. Tulipatana hivyo hivyo.

Alinionesha vifaa. Mkasi wa kukatia matawi. Panga. Lenzi ndogo ya kukuza, yenye kamba ya shingoni. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino ni ya watu wa ofisini. Mvua moja tu na mimea yako yote inakosa jina. Halafu kibanio: fremu mbili za fito zilizopigwa misumari, magazeti ya zamani katikati, mikanda miwili ya kubana. Unalaza tawi kwenye gazeti, unafunika, unabana, na kila siku unabadilisha gazeti lililolowa. Nimesoma habari nyingi za nchi hii zikiwa zimechelewa miaka mitatu, na jani la mkwaju limelala juu ya hotuba. Sikuona kwamba hotuba ilipungukiwa na kitu.

Somo la kwanza lilikuwa Ngombezi, kwenye ukanda wa vichaka uliobaki kati ya mashamba ya mkonge na mto. Alinisimamisha mbele ya mti.

"Huu mti gani?"

Nilimtajia jina la Kilatini, lote, pamoja na la ukoo. Chuoni walitupigia makofi kwa hilo.

"Nimekuuliza mti gani," alisema. "Sijauliza kanisani wanauitaje."

Akachonga ganda kidogo kwa ncha ya panga. Ukatoka utomvu mwekundu, ukatiririka polepole.

"Huu unatoa damu. Utausahau?"

Huo ulikuwa mninga, na sijausahau. Kwa namna hiyo alinifundisha mingine: ule ambao ganda lake linanuka kama kitunguu, ule ambao majani yake yana ukakasi kama ulimi wa ng'ombe, ule unaowasha hadi unajuta kuzaliwa. Huo wa mwisho aliniacha niushike kwanza, ndipo akanieleza. Alinifundisha pia kusoma wanyama bila kuwaona. Digidigi, kwa mfano, ana choo chake maalumu na hurudi hapo hapo kila siku, ustaarabu ambao baadhi ya nyumba za kulala wageni nilizolala kazini zilikuwa bado hazijaufikia.

Kanuni aliyoisisitiza kuliko zote ilihusu majani. "Jani linadanganya," alisema. "Vichaka kumi vina jani moja. Tafuta ua, tafuta tunda. Ukikosa vyote viwili, andika sijui."

"Na wakubwa wakiuliza?"

"Waambie sijui. Ni neno fupi. Hata wewe utaliweza."

Msidhani alikuwa mtu asiye na dosari. Mwaka wangu wa pili tulitumwa Dindira kuorodhesha miti ya kipande cha msitu kilicho juu ya mashamba ya chai. Kule juu kuna baridi inayoingia hadi kwenye meno. Mzee Mhina, ambaye nilishamwona akimruka nyoka kifutu kama mtu anavyoruka fagio, aliinamisha tawi ili atazame ua, akakutana uso kwa uso na kinyonga mwenye pembe. Sikujua kwamba mtu wa umri ule anaweza kukimbia vile. Alishuka kati ya mistari ya chai, panga huku, kofia kule, na kina mama wachumaji wakashindwa kuendelea na kazi kwa kucheka.

Mimi nami nilikuwa nimelelewa kuwaogopa vinyonga, lakini mmoja wetu ilibidi abaki. Nilimnyooshea mkono. Akapanda kwenye mkono wa sweta langu, jicho moja likanitazama mimi, la pili likamfuata Mzee Mhina bondeni.

"Usimwandike!" alipiga kelele kutoka chini.

"Ni lazima, mzee, yumo kwenye eneo!"

"Basi mwandike! Mimi andika nilikwenda kutafuta maji!"

Ripoti hiyo ipo, kama mchwa hawakuifikia. Katika ukurasa wa tatu inaeleza kwamba mhudumu alikwenda kutafuta maji.

Miaka ile walikuwa wanakuja wataalamu. Walikuja na gari, na kofia pana, na vitabu vizito. Walimwuliza Mzee Mhina huu ni nini, akawaambia. Wakamwuliza unatumika kwa nini, akawaambia. Wakaandika, wakapiga picha, wakaondoka. Baadaye zikaja ripoti zenye majalada mazuri zikitujulisha kilichopo katika misitu yetu. Mzee Mhina aliandikwa mara moja, akaitwa "mwenyeji mmoja". Alifurahi sana. Alisema hajawahi kuitwa vizuri hivyo na mtu aliyempotezea mkasi.

Nanyi vijana mna simu. Unapiga picha jani, simu inakupa jina. Mwaka jana mmoja wenu alinionesha mlama wa Handeni, mti mkavu wa nyikani ambao hata mbuzi anaujua, na simu yake ikasema ni mtofaa. Sikubishana nayo. Simu ina ujasiri wa kutaja ambao mimi niliwahi kuwa nao mara moja tu, na hapo ndipo ninapolazimika kufika sasa.

Mzee Mhina alikuwa ameshastaafu, amerudi kijijini kwake kulima mihogo na kuwasumbua majirani. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Kijiji kimoja cha tambarare za Handeni, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinapanga matumizi ya ardhi: huku mashamba, huku makazi, huku malisho. Wakulima wa pale ni Wazigua wa siku nyingi. Wafugaji ni Wamaasai ambao watoto wao wamezaliwa hapo hapo. Sehemu ya malisho ilipangwa kwenye pori lililo upande wa pili wa lambo la kunyweshea mifugo, na mimi nikatumwa kulitembea na kusema kama kuna chochote humo kinachodhuru mifugo.

Nilitembea siku tatu. Ilikuwa kiangazi, kila kitu kimekauka. Kwenye sehemu ya mchanga mwekundu nilikuta vichaka vifupi, vya kufika magotini, vingi, vikianza kutoa majani. Maua havikuwa nayo. Matunda havikuwa nayo. Jani lilifanana na la jamii ya mlama, ambalo ng'ombe hula bila shida. Nililigeuza, nikalinusa, nikaliweka kwenye lenzi. Lilikuwa jani.

Fomu ilikuwa na safu tatu: jina la mmea, matumizi yake, na kama unafaa malisho, ndiyo au hapana. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bakari, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake akisubiri. Alikuwa mtu mpole, mkulima wa ufuta, mwenye haraka moja tu maishani, nayo ni kumaliza vikao.

"Bwana Miti, bado nini?"

"Kuna kichaka kimoja, mwenyekiti. Ningependa kurudi kikitoa maua."

"Kitatoa lini?"

"Karibu na mvua."

"Mama, kamati inakaa kesho. Kesho hiyo hiyo."

Ningeweza kuandika sijui. Safu yake haikuwepo, lakini pembeni ya karatasi palikuwa na nafasi kubwa tu. Sikuandika, kwa sababu nilikuwa mtaalamu, nimekaa kwenye kiti nilicholetewa, na mkuu wa kijiji ananisubiri. Niliandika: jamii ya mlama, chakula cha mifugo, ndiyo. Nikagonga muhuri. Muhuri uligonga vizuri sana siku hiyo, wino haukuchuruzika.

Kiangazi kilichofuata, mwishoni mwishoni, mawingu yameanza kujikusanya lakini mvua bado, nilipigiwa simu na bwana mifugo. Nije haraka. Ng'ombe kumi na mmoja wa Mzee Saning'o wamekufa kando ya lambo asubuhi moja, na watu wamejaa, na hawakujaa kwa ajili ya kutoa pole.

Nilipofika walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja wafugaji, morani mbele na sime zao viunoni. Upande wa pili wakulima, na mapanga ambayo kila mmoja angekueleza alikuwa anatoka nayo shambani. Katikati walilala ng'ombe. Mzee Saning'o nilikuwa nikimjua kwa sura: mrefu, mkimya, shuka la bluu, masikio marefu yaliyotobolewa. Alisimama kando ya ng'ombe jike mweupe na hakumtazama mtu.

"Maji yametiwa dawa," alisema. "Shamba la kumwagilia linalopakana na lambo ni la Bakari. Wiki hii Bakari amepulizia dawa. Nimemaliza."

"Nimepulizia ufuta wangu!" Mzee Bakari alisogea mbele. "Sijapulizia ng'ombe wa mtu! Mungu anaona!"

Bwana mifugo alinivuta pembeni akaniambia sampuli za maji zitapelekwa kupimwa na majibu yatachukua wiki kadhaa. Niliwatazama morani. Sikuona wiki kadhaa popote.

"Shikamoo, Mzee Saning'o," nilisema.

"Marahaba."

"Pole sana, mzee. Naomba nikuulize. Punda wako wamekunywa wapi jana?"

"Hapa."

"Na leo?"

"Hapa."

Punda wake watatu walikuwa wamesimama ukingoni mwa lambo, wazima, wakitutazama kwa dharau waliyozaliwa nayo. Watu wote waligeuka kuwatazama. Nikauliza kina mama wamechota wapi maji ya chai ya asubuhi. Mama mmoja wa Kimaasai akajibu kwa sauti ndogo, hapo hapo.

"Na ng'ombe, kabla ya kuja kunywa, walikuwa wapi?"

Mzee Saning'o alinyoosha fimbo. Ilielekea upande wa pili wa lambo, kwenye pori langu.

Bwana mifugo alikuwa ameshapasua mmoja. Nilikunja mikono ya gauni nikaingiza mkono tumboni mwa ng'ombe, nikatoa majani yaliyotafunwa nusu, nikayaosha. Kisha nikavuka kwenda porini peke yangu, nikiwa tayari najua, ila nikiomba iwe vinginevyo. Kila kitu kilikuwa cha kahawia: nyasi, matawi, ardhi. Vile vichaka tu ndivyo vilikuwa vya kijani, kijani kibichi cha kupendeza, vimechipua kabla ya mvua wakati hakuna kitu kingine cha kutafuna. Vilikuwa vimeng'atwa ncha. Na sasa vilikuwa na maua, meupe, madogo kama punje za mtama, yameota mahali ambapo ua haliotagi: juu ya kikonyo, kijiti kinachoshika jani, kama vile mtu kayabandika kwa makosa. Mlama hauna maua ya hivyo. Hata simu ingeliona hilo.

Mtandao pale unapatikana juu ya kichuguu tu. Nilipanda, nikampigia Mzee Mhina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Zuhura."

"Zuhura yupi?"

"Bwana Miti."

"Ahaa. Bado hawajakufukuza?"

"Wako njiani, mzee." Nikamweleza kichaka. Alinisikiliza bila kukohoa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Ua limeota wapi?"

"Kwenye kikonyo cha jani."

"Ng'ombe wameanguka baada ya kunywa?"

"Baada ya kunywa. Wamekimbia kidogo, wakaanguka."

"Basi ni hicho. Mnyama anakula, anatembea vizuri. Akinywa maji moyo unasimama. Wazee wetu hawakuchunga huko mwisho wa kiangazi. Ulidhani ni uvivu?" Kisha akauliza, "Nani aliwaambia wachunge huko?"

Mtandao ulikuwa umejaa, sikuwa na kisingizio.

"Zuhura?"

"Mimi, mzee."

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa.

"Basi rudi ukawaambie," alisema. "Uwaambie yote."

Nilirudi na tawi mkononi. Njiani bwana mifugo alinipokea, nikamwonesha, akaelewa mara moja, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akanipa njia ya kutokea. "Sema mmea ndio umewaua. Inatosha. Orodha yako usiitaje. Mimea inaota, unaweza kusema ulipopita haukuwepo. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Nilikwenda nikasimama kati ya pande mbili, nikaeleza: maji hayana kosa, mmea huu ndio wenye sumu, hivi ndivyo unavyoua. Nikawaonesha majani niliyotoa tumboni yakiwa pamoja na ya tawi. Mapanga yalishuka kidogo. Kwa dakika moja nilidhani nimepona.

Kisha morani mmoja akasema, "Kwa hiyo mlitupa pori la sumu." Alikuwa anamtazama Mzee Bakari. "Nyie wenyeji wa hapa mnajua kila jani. Mlitupa kwa makusudi."

Kelele zikaanza upya, mara hii mbaya zaidi. Mzee Bakari alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Alikuwa anakumbuka benchi, na fomu, na kichaka kimoja cha kurudi kukitazama. Alikuwa ananiachia niseme mwenyewe, au anaogopa, sijawahi kumwuliza.

Mzee Saning'o alinyanyua fimbo, kukawa kimya. Akanigeukia.

"Huu mmea ulikuwepo ulipopita kuandika?"

Nilikuwa na jibu la bwana mifugo mdomoni, limeshatafunwa tayari.

"Ulikuwepo," nilisema. "Bakari hakujua. Kamati haikujua. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni malisho. Sikuujua, nikaandika kama ninayeujua."

Nimehudhuria warsha nyingi zilizofundisha namna ya kuwasiliana na jamii. Hakuna iliyotaja kinachofuata hapo. Mmoja wa morani alitema mate chini. Mzee Saning'o alinijia taratibu mpaka nikaona vumbi kwenye kope zake.

"Huyu mweupe," alisema, akionesha kwa kidevu, "ni wa binti yangu. Alipewa siku aliyozaliwa mtoto."

"Nisamehe, mzee."

Alisema, "Nioneshe."

Nilimpeleka. Walitufuata wote, morani, wakulima, Mzee Bakari na kofia mkononi. Nilimwonesha kichaka cha kwanza. Alikishika, akakinusa, akatazama ua lilipoota. "Mwingine," alisema. Nikamwonesha. "Mwingine." Tulikwenda hivyo hadi alasiri, na kila kichaka aliwaita vijana wake wakishike. Kufikia cha ishirini alikuwa ananionesha yeye. Wakulima walileta majembe wang'oe, lakini mizizi ya mmea ule inakwenda chini bila kuaga, majembe yakavunjika mipini. Basi wakakaa chini pale pale, pande zote mbili, wakapatana: kuanzia majani yanapochipua hadi nyasi zishike, hakuna mfugo unaovuka lambo, na Mzee Bakari akafungua shamba lake la mabua ya mahindi kwa ng'ombe waliobaki hadi mvua ije. Kikao kilikuwa kirefu. Hakulalamika.

Mimi nilipata barua ya onyo, kurasa mbili, iliyotaja jina la mmea mara tatu na kulikosea mara zote tatu. Niliirekebisha kwa penseli kabla ya kuiweka kwenye faili. Orodha niliiandika upya, na sitadai kwamba nililala vizuri miezi ile, kwa sababu sikulala. Binti wa Mzee Saning'o nilimwona mara moja mnadani. Alinitazama, akageuza uso. Alikuwa na haki, na mpaka leo anayo.

Mzee Mhina alifariki miaka michache baadaye. Kabla ya hapo nilimtembelea, tukala muhogo, akaniuliza swali moja tu kuhusu jambo lile.

"Ulisema yote?"

"Nilisema."

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Basi," alisema, akanisogezea sahani.

Tangu mwaka ule wa ng'ombe, kila kiangazi kinapoelekea kuisha, ofisini kwangu Korogwe kililetwa kifurushi kidogo cha kitambaa cha shuka. Alikuja nacho yeyote aliyekuwa safarini kutoka kule lamboni. Ndani palikuwa na tawi, tena lenye ua au tunda, kamwe si majani matupu. Hakukuwa na barua wala salamu. Aliyeleta alisema tu, "Mzee anauliza hii nini." Nilitazama, nikajibu, akaondoka. Baadhi yenu mlinong'ona kwamba Bwana Miti anafanya uganga. Nilisikia. Mara mbili nilijibu sijui, na mara zote mbili nilisafiri kwenda kutazama mwenyewe. Mzee Saning'o alinipokea, akaitikia shikamoo yangu, akanionesha mmea, basi.

Wiki yangu ya mwisho ofisini alikuja mwenyewe. Amezeeka, fimbo sasa inamshika yeye. Alikataa kiti, akafungua kitambaa, akaweka tawi mezani juu ya karatasi za makabidhiano. Maua meupe, kwenye kikonyo.

"Ni ule ule, mzee," nilisema. "Ule wa lambo."

"Najua ni ule ule."

"Sasa umeubeba safari yote hii kwa nini?"

"Nimesikia unaondoka. Nilitaka kuona kama bado unaujua."

Nikamwekea chai. Alikunywa vikombe vitatu, akitazama nje.

"Alhamisi tunahamisha ndama upande wa mlimani," alisema. "Huko hajapita mtu wa kuandika. Utakuja?"

"Alhamisi ninaagwa, mzee. Kuna sherehe."

"Ya nini?"

"Ya kuacha kazi."

"Na ndama nao wataacha kula?"

Nasikia sherehe ilifana. Pilau ilitosha, jambo ambalo ni geni katika shughuli zetu. Hotuba ya kunisifu ilisomwa yote mbele ya kiti kitupu, na kiti kikapigiwa makofi. Nawaomba radhi wenzangu mliochangia khanga. Nimezipokea, ni nzuri. Saa hizo nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto huko mlimani, ninatafuta ua kwenye kichaka ambacho sijawahi kukiona, na nyuma yangu Mzee Saning'o alikuwa amenyoosha fimbo kuwazuia ndama, wote wakisubiri niseme.